Akodiani Ndani ya Laptop

Mabinti mliobaki na sanduku langu la nyaya, mmeniomba niwaandikie namna ya kuchagua laptop ya muziki. Nitawaandikia, maana kuongea kwangu siku hizi kunawachosha ninyi na masikio yangu yananichosha mimi. Mkiniuliza swali nasikia nusu, nusu nyingine naotea, halafu najibu jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. Sikio la kushoto lina mlio usiokatika, kama nzi aliyenaswa ndani ya gilasi. La kulia bado linafanya kazi, ila kwa shingo upande. Ndiyo sababu nimeacha. Kilindoni hapa mtasikia kwamba Mama Devota ameacha kwa hasira. Hasira ninayo, tena ya kutosha, lakini siyo iliyoniachisha.

Mimi si mtu wa pwani. Nimezaliwa Mahenge, nikaletwa Mafia na ndoa. Mume wangu alikuwa mtumishi hapa, na mimi nikapata kazi ya kuchapa barua kwenye ofisi moja, mpaka ofisi ikagundua kwamba kila bwana mkubwa anaweza kujichapia barua yake mwenyewe. Nikarudi nyumbani kuuza maandazi. Kupika sijui, na wateja hawakunificha.

Siku moja akaja Mzee Fakihi, mkuu wa kikundi cha taarabu, mpiga akodiani. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia safi na maneno machache. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakaa, akala andazi langu lote bila kusema kitu. Nikajua ana shida kubwa.

"Nimeambiwa unajua kompyuta," akasema.

"Najua kuchapa barua, Mzee."

"Kuchapa na kupiga si mamoja? Vyote vidole."

"Mzee, mimi Mkristo. Taarabu siijui hata inaanzia wapi."

"Sikukuita uje uswali, mwanangu. Nimekuita uje ubonyeze."

Shida yake ilikuwa hii. Kikundi kilikuwa kimepukutika. Mpiga udi alikuwa amehamia Dar es Salaam, mpiga fidla alikuwa amefariki, na waliobaki walikuwa na wajukuu wa kulea. Sauti zilizokosekana zikawekwa kwenye kompyuta. Lakini kijana wa kompyuta alikuwa mwanamume, na ninyi mnajua sherehe ya wanawake ilivyo hapa kwetu. Bibi harusi anapotolewa, akina mama wamevua mabaibui, wamejifunga khanga, wanacheza kwa raha zao, na mwanamume hana nafasi pale. Mzee Fakihi mwenyewe alikuwa akipigia nyuma ya pazia la khanga. Wanawake walimsikia tu, hawakumwona. Mbele ya pazia alisimama mkewe, Bi Mwanakombo, ndiye aliyekuwa mwimbaji. Kwa hiyo alitakiwa mwanamke wa kukaa mbele na mashine, amtazame Bi Mwanakombo usoni, ajue lini abonyeze. Basi, kazi yangu yote nimeipata kwa sababu ya pazia.

Siku ya kwanza nilikwenda na laptop ya kuazima ya kuandikia barua. Ubeti wa pili tu, ikaanza kulia kwamba betri inakwisha, na ule mlio ukatoka kwenye spika kubwa, ti! ti! Akina mama wakadhani ni mtindo mpya, wakapiga vigelegele. Kabla sijaiona chaja ilipo, kioo kikawa cheusi. Ngoma kimya, fidla kimya. Lakini nyuma ya pazia akodiani haikusita. Iliendelea peke yake, pana, imetulia, na Bi Mwanakombo hakupepesa hata jicho. Akaimba ubeti mzima na akodiani tupu mpaka nikaiwasha tena mashine yangu. Nusu ya waliokuwepo hawakujua kwamba kuna kitu kilikufa.

Baadaye nikaenda kumwomba radhi. Mzee Fakihi alikuwa anaifunga akodiani ndani ya sanduku lake.

"Hayo ya mashine," akasema. "Mashine ikinyamaza, mtu hanyamazi."

Nikakaa naye miaka mingi kwa sababu ya maneno hayo.

Sasa nije kwenye mliloniomba. Laptop zetu zote tulizifuata Kariakoo, zilizokwisha kutumika huko Ulaya, na mara ya kwanza nilikwenda na Mzee mwenyewe. Muuzaji akatumwagia namba: memori kiasi hiki, prosesa kizazi kile. Mzee akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Haya, weka sikio." Nikainama katikati ya duka, nikaweka sikio juu ya mashine kama mkunga. Muuzaji akacheka. Lakini ndani nilisikia feni inakwaruza, na chini yake mvumo mwembamba wa umeme. Ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa inapumua taratibu, kwa utulivu. Tukachukua ya tatu, ikatufanyia kazi kuliko tulivyotegemea. Tangu siku hiyo sijanunua laptop bila kuiwekea sikio, na feni ndiyo kitu cha kwanza nilichoacha kukisikia.

Namba si uongo, msinielewe vibaya. Memori ikiwa ndogo, sauti zote za kikundi hazienei, unafungua fidla inafunga udi. Prosesa ikiwa dhaifu, unabonyeza leo sauti inatoka kesho, na mwimbaji hawezi kukusubiri. Lakini namba zimeandikwa mahali penye baridi na umeme wa kutulia. Sisi tunapiga chini ya turubai, jua la alasiri, jenereta linakohoa nyuma ya nyumba. Prosesa ya jina kubwa kwenye kiwiliwili chembamba ikishapata joto inajipunguza mwendo yenyewe, isiungue, na hapo inatambaa kuliko prosesa ya kawaida yenye nafasi ya kupumua. Laptop ya muziki iwe nene. Iwe na matundu ubavuni, na matundu hayo myaone kwa macho yenu. Matundu ya chini tu hayafai, maana hapa laptop inawekwa juu ya mkeka, juu ya mto, juu ya chochote.

Diski ya kuzunguka msiipokee hata kwa zawadi. Kule Bweni, mwisho wa kisiwa, nilikosa meza nikaiweka laptop juu ya spika ya besi. Kila ngoma ikipiga "dum", diski inaruka na wimbo unarudi nyuma. Nikasingizia umeme. Mzee akasema, wewe ukitikiswa kichwa namna hiyo ungekumbuka beti? Tukaweka diski isiyo na kitu cha kuzunguka, mambo yakaisha. Kutoka Bweni nilirudi na bodaboda, laptop nimeikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, maana barabara ile ukiibeba mgongoni utafika na skrubu tu.

Spika zikivuma mkiwa kwenye jenereta, chomoeni chaja, pigeni kwa betri. Mvumo ukikata, mjue laptop haina kosa. Kwa hiyo betri nzima ni sehemu ya muziki, siyo ya starehe. Tundu la hedifoni lililoko ubavuni ni la kutazamia filamu, sauti ya kwenda kwenye spika itoke kwenye kadi ya sauti ya nje. Matundu ya USB yashikeni muyatikise kabla ya kununua, yakilegea Kariakoo, hapa hewa ya chumvi itayamaliza. Mimi nikivuka bahari kutoka Nyamisati naiviringisha laptop kwenye khanga, naitia ndani ya ndoo yenye mfuniko. Watu wananiuliza kama nauza achari. Na ikilowa msiitumbukize kwenye mchele. Nimefungua laptop nikakuta imejaa pumba, mwenyewe ananiuliza kama imeiva.

Alikuja kijana mmoja kutoka dago, zile kambi za wavuvi wa msimu. Mtu wa Kilwa, anatengeneza singeli, ule muziki wa mbio. Alikuwa na laptop nyembamba inayong'aa, amejinyima msimu mzima kuipata. Kila akiweka ngoma ya nne, inaganda. Akataka nimwongezee memori. Nikaifungua, memori imegandishwa humo humo kwenye ubao, haitoki wala haiongezeki.

"Sasa mama, nifanyeje?"

"Tengeneza muziki wa ngoma tatu."

Akanikasirikia, na mimi nikajiona nimesema neno la maana sana. Alihama na msimu, sikumwona tena. Ningemwambia kwa upole ingekuwa vile vile, laptop isingeongezeka, lakini alistahili upole.

Nimezunguka sana. Mzee Fakihi alianza kutetemeka mikono. Mwanzoni tulidhani uzee, kisha hata kikombe cha kahawa kikawa kinamwagika, na akodiani ikaanza kudondosha sauti. Nyuma ya pazia hakuna aliyeona, ila Bi Mwanakombo alisikia, na mimi nilimwona anavyosikia. Siku moja Mzee akaniita nyumbani kwao.

"Skola," akaniita kwa jina langu, "nataka kuingia kwenye kompyuta."

"Kujifunza, Mzee?"

"Kuingia. Nirekodi kabla mikono haijanikataa kabisa."

Tukafanyia chumbani kwake. Feni ya laptop ikawa inaingia kwenye maikrofoni, nikaipeleka mashine nje ya mlango kwa waya mrefu, nikawa nachungulia dirishani. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akodiani mapajani, Bi Mwanakombo amemshika bega. Siku mikono ilipokubali tulirekodi, siku ilipokataa tulikunywa chai. Akikosea anasema, "Tena." Kila wimbo wa kikundi tuliupata, mpaka ule wa kumtoa bibi harusi, ambao ndio alioupiga vizuri kuliko zote. Kabla ya ubeti wa tatu alikohoa. Kikohozi kidogo tu, na kitanda kikalia. Baadaye nikasema nakitoa, ni kazi ya dakika moja.

"Usikiguse," Bi Mwanakombo akasema. "Hapo ndipo mimi navutia pumzi."

Mzee alifariki kabla ya mvua za vuli. Bi Mwanakombo akaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, mavazi meupe, hatoki. Nilikuwa nakwenda kumwona, namkuta anafuma. Mnajua nyumba za hapa haziachi kitu uchi. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, jagi la maji lina chake. Yeye alikuwa anafuma kitambaa cheupe chenye maua pembezoni, kikubwa, na nikamuuliza ni cha meza gani.

"Si cha meza," akasema. "Cha Fakihi."

Alitoka eda, sherehe zikaendelea, na mtanisamehe, sijapata kuona kitu kama kile. Laptop iliwekwa nyuma ya pazia, juu ya kiti chake kile kile. Mimi nikakaa mbele na mikisa ya kuchanganyia sauti, na kibodi kidogo cha namba chenye waya mrefu mkononi. Bi Mwanakombo akasimama mahali pake. Nikabonyeza, na akodiani ikatoka pale pale ilipokuwa ikitoka siku zote. Kwa wale wanawake, hawakuwahi kumwona, walimsikia tu, na sasa walimsikia. Mwanamke mmoja mtu mzima alijisahau, akanyoosha mkono juu ya pazia, akamnyunyizia marashi kwa mrashi, kama walivyomfanyia miaka yote. Kisha akakumbuka. Akaurudisha mkono, akalia. Nilikwenda kuifuta mashine, ilikuwa imepata matone mawili tu. Sherehe ikiisha, Bi Mwanakombo aliingia nyuma ya pazia akaifunika kwa kitambaa chake, akaibeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Laptop ile ilizeeka. Bawaba zikaachia, kioo kikawa na mistari, ikafika mahali inawaka inapotaka. Ndipo Rukia, mjukuu wao, akachumbiwa. Mzee Fakihi alimtoa mama yake Rukia kwa akodiani ile siku ya harusi yake. Bi Mwanakombo akaja kwangu kwa miguu, jua kali, akakataa hata maji.

"Nataka babu yake amtoe," akasema. "Hilo tu. Baada ya hapo nitakuwa sina haja nyingine na dunia."

"Atamtoa, Bi."

"Usiniambie atamtoa. Nenda katafute mashine."

Nikaenda Kariakoo. Sikio la kushoto lilikuwa limeshaanza mlio wake, nikawa naziwekea la kulia. Nikachagua iliyo nene kuliko zote, nzito, rangi ya majivu, matundu ubavuni kama samaki, diski nzuri, betri mpya, USB ngumu mpaka inauma vidole. Nikaiweka barazani kwangu juani kutwa, inapiga nyimbo zote kwa mpigo, haikukwama hata mara moja. Rukia alipoiona akaguna, "Ndiyo hii? Si zipo nyembamba za kisasa?" Bibi yake naye akauliza mbona nene hivi.

"Nene ndiyo inapumua," nikasema. Nikamshika mkono, nikauweka ubavuni mwa mashine. "Unasikia upepo? Inapumulia hapa. Ikiwa imewashwa, Bi, ukiifunika unaiziba pua. Kitambaa mpaka izimwe."

"Nimesikia, mwanangu."

Na alikuwa amesikia. Siku zote alinisikiliza kuliko mabinti wa kwaya yetu ya kanisani.

Harusi ilikuwa alasiri, uani kwao, chini ya turubai la bluu. Joto lilikuwa la kukamua. Pazia la khanga likafungwa, kiti kikawekwa, laptop juu yake. Ya akiba sikuwa nayo, ile ya zamani ilikuwa imeshakufa kioo, ila nyimbo zote nilikuwa nazo kwenye flashi pia, nyumbani na mkobani. Hilo mlishike, nakala zisikae mahali pamoja. Tulianza vizuri. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, akodiani imesimama imara. Akina mama wengi, wengine wametoka mpaka Ndagoni, udi unafuka, na mirashi inazunguka. Siku hiyo ilikuwa mirashi mingi, maana wenye kumkumbuka Mzee walikuwa wengi, na kila mmoja alitaka kumfikishia kidogo juu ya pazia. Nilikuwa nimewaomba wasifanye hivyo. Waliitikia ndiyo, ndiyo, mama, huku wananyunyiza.

Kabla ya wimbo wa kumtoa Rukia, Bi Mwanakombo aliingia nyuma ya pazia. Hilo halikunishtua, kila sherehe aliingia hapo kidogo kabla ya wimbo mkubwa, tangu mumewe akiwa hai. Akatoka, akajipangusa uso, akanitazama. Nikabonyeza.

Ubeti wa kwanza ulikuwa mzuri mpaka nikasahau masikio yangu. Mlango ukafunguliwa, Rukia akatoka, mikono na miguu imejaa hina, anatembea polepole kufuata akodiani. Vigelegele. Ubeti wa pili, akodiani ikakwaruza. Nikadhani ni sikio langu. Nikamtazama Bi Mwanakombo, nikaona jicho lake, nikajua si sikio langu. Sauti ikaanza kukatika, inashika, inaachia, kama mtu mwenye kwikwi. Nikasogeza mikisa, nikakaza nyaya, jenereta lilikuwa linanguruma vizuri tu. Ikafika pale kwenye kikohozi. Kikohozi kilitoka. Bi Mwanakombo akavuta pumzi yake, akafungua mdomo kwa ubeti wa tatu, na nyuma ya pazia pakawa kimya.

Alisubiri. Mabinti, yule mama alisubiri. Alisimama na pumzi yake kifuani, uso umegeukia pazia kidogo, kama anayejua kwamba mashine ikinyamaza, mtu hanyamazi. Na mimi nilisubiri naye, Mungu anisamehe, sekunde nzima nilikuwa naisubiri akodiani iendelee peke yake, pana, imetulia. Rukia alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mguu mmoja mbele.

Nikakimbilia nyuma ya pazia. Kiti kilikuwepo, na juu ya kiti kitambaa cheupe cha maua, kimevutwa vizuri pembe zote nne, kimelowa marashi. Nikakifunua. Mashine ilikuwa ya moto hata kuishika sikuweza. Nikachukua kawa la kufunikia chakula, nikaanza kuipepea, nalia, napepea.

Huko mbele hawakukaa kimya muda mrefu. Uwanja wa harusi haukai kimya. Shoga zake Rukia wakaunganisha simu kwenye spika, singeli ikalipuka, wasichana wakaruka katikati. Rukia alitazama upande wa bibi yake, kisha akavutwa mkono, akacheza. Simlaumu. Ilikuwa harusi yake.

Bi Mwanakombo akaja nyuma ya pazia, akasimama, akaniangalia napepea.

"Ameungua?"

"Hapana, Bi. Imepata joto tu, imejizima. Ikipoa inawaka. Na wimbo ninao kwenye flashi, tunaweza kuanza upya, sasa hivi, niwaambie wazime hiyo simu."

"Nilimfunika asilowe," akasema.

"Najua, Bi."

"Wananyunyiza mno. Nikasema atalowa." Akakaa chini, pale pale mchangani, na nguo yake ya harusi. "Mwache. Kaninyamazia mara mbili, zinatosha, Skola. Ya tatu siwezi kuisubiri."

Ilipoa. Ikawaka bila kosa, kila wimbo upo. Nikamwambia. Akasema zima, nikazima. Hakuimba tena pale, wala popote. Kikundi kilikuwa ni yeye, kwa hiyo nacho kikaishia hapo, ingawa hakuna aliyetangaza. Siku hizi sherehe za wanawake hapa Kilindoni zinapigwa na simu, na ninyi mnaitwa kukodisha spika tu. Mimi nikaendelea kidogo na kwaya ya kanisani, mpaka mwalimu akaniambia kwa upole kwamba sauti ya nne ninaizidisha kila Jumapili. Nikajua ni wakati.

Mwezi uliopita nilikwenda kumuaga Bi Mwanakombo kwamba naacha kazi. Laptop iko chumbani kwake, juu ya kimeza, karibu na sanduku la akodiani, kitambaa juu yake. Kimefuliwa, kimepigwa pasi. Tuliongea, yaani yeye aliongea na mimi nikaotea. Nilipotaka kuondoka akanishika mkono, akanisogezea mdomo kwenye sikio zima.

"Juzi watoto wa Rukia waliiwasha watazame katuni. Hebu nitazamie, imezimwa sawasawa?"

Nikainua upande mmoja wa kitambaa, nikainama, nikaweka sikio kwenye matundu kama nilivyofundishwa. Sikusikia kitu ila nzi wangu. Feni ikiwa inazunguka, ikiwa haizunguki, mimi siwezi tena kuwaambia. Nikaweka kiganja. Kulikuwa baridi, ubavuni kote baridi.

"Imezimwa, Bi."

"Kweli?"

"Kweli."

"Basi mfunike."

Nikamfunika, nikanyoosha pembe zote nne.